Cheti cha msitu: Ufipa ianze na hesabu ya miti kabla ya nembo

MKOA wa Rukwa una sura mbili za misitu, na sura hizo hazifanani. Juu ya uwanda wa Ufipa, kuzunguka Sumbawanga, Kaengesa na Laela, macho hukutana na majani, mashamba ya mahindi na milingoti iliyopandwa kando ya nyumba. Chini, kwenye miteremko inayoshuka Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Lyamba lya Mfipa inayotazama bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, ndiko iliko miombo yenye mninga na mkurungu.

Sura ya kwanza ni ya nchi iliyokwisha kupoteza miti yake mingi tangu zamani. Sura ya pili ni ya nchi inayoipoteza sasa. Baina ya sura hizo mbili kuna swali ambalo viongozi wa wilaya za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo hawawezi kulikwepa: je, msitu unaweza kuuzwa bila kumalizwa, na nani atamthibitishia mnunuzi kwamba haujamalizwa?

Jibu ambalo dunia imekuwa ikilitoa kwa zaidi ya miaka 30 ni cheti. Msitu hukaguliwa na mtu asiye na masilahi nao, hupewa ithibati kwamba unasimamiwa ipasavyo, na mbao zake huruhusiwa kubeba nembo ambayo mnunuzi wa mbali huitambua. Ni jibu zuri. Hata hivyo, kwa mkoa kama Rukwa linaweza kuwa jibu la haraka mno iwapo litachukuliwa kwa kuanzia mwisho wake, yaani kwa kuitamani nembo kabla ya kuijua miti.

Utaratibu huo wa vyeti ulizaliwa kutokana na kushindwa. Mwaka 1992, mataifa yalipokutana Rio de Janeiro, Brazil, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, hayakuafikiana juu ya mkataba wa misitu wenye nguvu ya kisheria. Mwaka uliofuata, mashirika ya hifadhi, wafanyabiashara wa mbao na watetezi wa haki za jamii walikutana Toronto, Canada, wakaanzisha Baraza la Usimamizi wa Misitu, lijulikanalo kwa kifupi kama FSC. Makao yake yalikuwa Oaxaca, Mexico, hadi yalipohamia Bonn, Ujerumani, mwaka 2003.

Baraza hilo halikagui msitu wowote. Kazi yake ni kuweka kanuni, ambazo ziko 10, zikigusa utii wa sheria, haki za wafanyakazi, haki za wenyeji juu ya ardhi yao, mpango wa uvunaji, ulinzi wa mazingira na mengineyo. Ukaguzi hufanywa na makampuni huru yaliyopewa idhini. Cheti hudumu miaka mitano, na kila mwaka mkaguzi hurudi kuangalia iwapo yaliyoandikwa ndiyo yanayotendeka. Aidha, kila anayeishika mbao hiyo njiani, kuanzia mwenye kiwanda hadi muuzaji, hutakiwa kuwa na cheti chake cha ufuatiliaji, ili mbao iliyoko dukani iweze kurudishwa kwa karatasi hadi kwenye kisiki chake.

Mwaka 1999 ulianzishwa pia mfumo mwingine uitwao PEFC, uliotokana na wamiliki wa misitu midogo barani Ulaya. Kwa nchi za Afrika Mashariki, hata hivyo, ni FSC ndiyo iliyopiga hodi kwanza.

Tanzania haihitaji kwenda mbali kutafuta somo. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa mkoani Lindi, vilipata cheti cha FSC kupitia Shirika la Hifadhi na Maendeleo ya Mpingo, lililotokana na utafiti wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge katika miaka ya 1990. Ukaguzi ulifanywa na Soil Association ya Uingereza. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe kupata ithibati hiyo.

Mti uliokuwa ukizungumzwa huko ni mpingo, ambao huko Ulaya na Marekani hutengenezewa zumari za aina ya clarinet na oboe. Taarifa zilizotolewa wakati huo zilieleza kwamba kabla ya mpango huo mwanakijiji aliambulia senti nane tu za dola ya Marekani kwa gogo, na kwamba chini ya utaratibu mpya kijiji kingeweza kupata zaidi ya dola 19 kwa gogo hilo hilo.

Tofauti hiyo ndiyo inayowavutia wengi, na ndiyo inayowapotosha wengi vilevile. Rahisi kudhani kwamba ni nembo iliyopandisha senti nane hadi dola 19. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na jambo la nyumbani kabisa: kijiji kilikuwa mwenye mali kisheria, kikakaa mezani na mnunuzi, kikapanga bei.

Haki hiyo ilikuwa imeandikwa tayari. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 ilifungua mlango, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ikakipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ikakiruhusu kutenga msitu wa hifadhi wa ardhi ya kijiji na kunufaika na mapato yake. Vijiji vya Kilwa vilipitia hatua zote hizo: mipaka ikapimwa, mpango wa matumizi ya ardhi ukaandikwa, sheria ndogo zikapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, miti ikahesabiwa, kiwango cha kuvuna kikawekwa. Cheti kilikuja mwishoni, kama muhuri juu ya barua iliyokwisha kuandikwa.

Yaliyotokea Rukwa yanaonyesha upande wa pili wa sarafu.

Katika nusu ya pili ya muongo wa 2010, mti wa mkurungu, ambao awali haukuwa na jina kubwa sokoni kama mninga, uligeuka ghafla kuwa bidhaa ya kutafutwa katika mikoa ya Rukwa, Katavi na Kigoma. Mbao yake nyekundu inafanana na zile zinazotengenezewa samani za kifahari nchini China. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, ambako mti huo huitwa mukula, Serikali ilipiga marufuku uvunaji na usafirishaji wake, na mwaka 2017 mamia ya malori yaliyobeba magogo hayo kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yalizuiwa nchini humo. Mwaka 2019 shirika la uchunguzi wa mazingira la EIA lilichapisha ripoti ikidai kwamba biashara hiyo nchini Zambia ililindwa na watu wenye vyeo.

Biashara ya namna hiyo haina subira. Mpasuaji kijana mwenye msumeno wa mnyororo hulipwa ujira wa siku, mwenye lori hulipwa kwa safari, na faida yenyewe hupatikana mbali na kisiki. Kijiji ambacho hakijatenga msitu wake hakina karatasi ya kumwonyesha mvunaji kwamba amekosea mlango. Kinachobaki kwake ni njia mbovu za magari, matawi makavu ya kuchochea moto wa kiangazi, na mabishano juu ya nani aliyemruhusu mgeni kuingia.

Ikumbukwe kwamba wimbi la namna hii halikuwa la kwanza nchini. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, misitu ya Lindi na Mtwara, iliyokuwa ikilindwa na ubovu wa njia, ilikuwa mkononi mwa Dar es Salaam. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kwamba katika kipindi kilichofuata, hadi asilimia 96 ya mrabaha uliostahili kukusanywa kwa mbao za kusini haukukusanywa. Ripoti hiyo ilionyesha pia kwamba takwimu za China za mbao zilizoingia kutoka Tanzania zilikuwa mara 10 ya zile ambazo Tanzania yenyewe iliandika kuwa zimetoka.

Rukwa nayo imepata lami. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, ilijengwa katika muongo wa 2010 kwa msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Ni neema kubwa kwa mkulima wa mahindi, ambaye kwa miaka mingi mazao yake yalikwama kwenye tope. Lakini barabara haichagui mzigo. Njia inayopitisha gunia la mahindi ndiyo hiyo hiyo inayopitisha gogo, na kusini mwa nchi ilidhihirika kwamba lami ikitangulia usimamizi, msitu ndio unaolipa.

Jumuiya ya kimataifa ilichukua hatua kwa njia yake. Mwaka 2019, mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, uliuweka mkurungu katika orodha ya pili kwa pendekezo la Malawi. Mwaka 2022 mkutano uliofuata ukapanua wigo huo kwa jamii yote ya miti hiyo barani Afrika, na mninga ukaingia humo. Maana yake ni kwamba mbao hizo haziwezi kuvuka mipaka ya nchi kihalali bila kibali, na kibali hakipaswi kutolewa mpaka mamlaka ya kisayansi ya nchi iridhike kwamba uvunaji hautaangamiza aina hiyo ya mti.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mamlaka haiwezi kuridhika bila hesabu. Haiwezi kusema kwamba kukata miti kadhaa katika kijiji fulani cha Kalambo hakuna madhara iwapo haijulikani iko mingapi, ina vipenyo gani, na ile michanga inakua kwa kasi ipi. Hesabu inayotakiwa na mkaguzi wa FSC ndiyo hiyo hiyo, kwa sehemu kubwa, inayotakiwa na CITES. Mkoa ambao haujahesabu umefungiwa milango yote miwili kwa pamoja.

Wapo wanaosema kwamba mjadala wa vyeti ni anasa kwa Rukwa, kwa kuwa soko lake halidai nembo yoyote. Hoja hiyo ina uzito. Mbao nyingi za mkoa huo huishia kwa mafundi seremala wa Sumbawanga, Mbeya na Dar es Salaam, na mnunuzi wa kitanda cha mninga huuliza bei na ukavu wa mbao, hamuulizi fundi msitu ulisimamiwaje. Mkaa unaopikiwa mjini Sumbawanga haubebi nembo. Umbali nao ni adui, kwani kutoka Sumbawanga hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na kila kilomita hupunguza faida ya bei ya juu ambayo mnunuzi wa Ulaya angeweza kutoa.

Gharama pia si ndogo. Mkaguzi husafirishwa, hulazwa, hulipwa, na hurudi kila mwaka. Kijiji kimoja chenye msitu mdogo hakiwezi kubeba mzigo huo peke yake. Ndiyo maana Kilwa walitumia cheti cha kundi, ambapo shirika moja hushika cheti kwa niaba ya vijiji vingi na kugawana gharama. FSC yenyewe iliweka masharti mepesi zaidi kwa misitu midogo na ile inayovunwa kidogo kidogo. Hata hivyo, Kilwa walikuwa na mpingo, mti ambao wapiga zumari wa dunia hawajaupatia mbadala unaowaridhisha wote. Rukwa haina mnunuzi wa namna hiyo anayesubiri mlangoni.

Kwa upande mwingine, soko halikai lilivyo. China, ambayo kwa miaka mingi ilitazamwa kama mnunuzi asiyeuliza, iliifanyia marekebisho sheria yake ya misitu, na tangu Julai 2020 makampuni ya huko yamekatazwa kununua au kuchakata mbao ambayo yanajua wazi kuwa imevunwa kinyume cha sheria. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayomtaka mwingizaji wa mbao kuonyesha eneo hasa zilikovunwa na kwamba hazikutokana na ufyekaji wa msitu, ingawa tarehe ya kuanza kuitumia imeahirishwa zaidi ya mara moja. Kanuni hiyo haimwachii mfanyabiashara kujificha nyuma ya cheti. Cheti kinaweza kumsaidia kutoa ushahidi, lakini wajibu unabaki wake.

Mwelekeo, basi, ni mmoja. Swali la asili ya mbao linazidi kusogea kutoka kwenye hiari ya muuzaji kwenda kwenye sheria. Atakayekuwa na jibu lililoandikwa atauza. Asiye nalo atauza kwa bei ya mbao ya wizi hata kama hakuiba.

Pamoja na hayo, itakuwa kosa kukiona cheti kama kinga ya kila ubaya. Nchi jirani ya Uganda imetoa onyo. Mwaka 2011 shirika la Oxfam lilichapisha ripoti ikidai kwamba zaidi ya watu 22,000 waliondolewa katika maeneo ya Mubende na Kiboga kupisha mashamba ya miti ya kampuni ya New Forests, ambayo ilikuwa na ithibati ya FSC. Kampuni ilikanusha kuhusika na uondoaji wa nguvu. Mgogoro ulipelekwa kwa msuluhishi wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na makubaliano yakafikiwa mwaka 2013 kwa Mubende na mwaka 2014 kwa Kiboga.

Yeyote atakayeamua nani alikuwa na haki katika shauri hilo, funzo lake linabaki. Mkaguzi anayekuja kwa siku chache hukagua kile anachoonyeshwa. Iwapo swali la ardhi ni ya nani halijajibiwa kabla yake, cheti kinaweza kuufunika mgogoro badala ya kuutatua. Kwa Rukwa, ambako wakulima na wafugaji kutoka mikoa mingine wamekuwa wakihamia bondeni kwa miongo kadhaa, swali hilo haliwezi kuachwa lijibiwe na mgeni.

Juu ya uwanda hali ni tofauti, na njia yake inaweza kuwa fupi zaidi. Ufipa ni nchi iliyozoea kuishi na uhaba wa miti. Wahenga wake walifua chuma katika matanuri marefu ya udongo yaliyokula mkaa mwingi, na wakulima wake walibuni intumba, matuta ya duara ambamo majani hufukiwa yaoze ili kuirutubisha ardhi, badala ya kukata na kuchoma miti ambayo haikuwapo. Ni watu wanaojua kwamba kitu kikiwa haba sharti kiwekewe utaratibu.

Mlima Mbizi, unaosimama juu ya mji wa Sumbawanga, ni kumbukumbu ya kile kilichokuwapo. Mabaki ya msitu wake wa asili huhifadhi vyanzo vya maji na ni makazi ya mbega wekundu ambao hawapatikani katika maeneo mengi. Jirani yake, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, umeanzisha Shamba la Miti Mbizi, moja ya mashamba mapya ya serikali. Kuzunguka vijiji, watu binafsi wamepanda milingoti na misindano kwa ajili ya nguzo, kuni na mbao za kuezekea.

Miti ya kupandwa ni rahisi kuthibitisha kuliko ya asili, kwa kuwa mwenyewe anajulikana na umri wake unajulikana. Lakini nayo ina masharti. Kwa miaka mingi FSC ilikataa mashamba yaliyopandwa mahali palipofyekwa msitu wa asili baada ya Novemba 1994. Sera mpya iliyoanza kutumika mwaka 2023 ilisogeza tarehe hiyo hadi mwisho wa mwaka 2020, kwa sharti kwamba aliyefyeka kati ya tarehe hizo mbili afidie madhara kabla ya kukubaliwa. Yeyote anayepanga kupanua shamba la miti kwenye miteremko ya Ufipa anapaswa kuijua tarehe hiyo kabla ya kushika shoka. Hekta ya msitu wa asili inayofyekwa leo ili kupanda msindano imejifungia mlango wa soko hilo.

Kwa wapandaji wadogo, ushirika ndio njia. Wakulima wa vijiji kadhaa wanaweza kuunganisha ekari zao, wakawa na daftari moja la nani alipanda nini, wapi na lini, na wakauza kwa pamoja. Daftari hilo lina faida hata kama cheti hakitakuja kamwe, kwa kuwa mnunuzi wa nguzo anayejua kwamba atapata mzigo uliokomaa mahali pamoja hulipa vizuri kuliko yule anayezunguka nyumba hadi nyumba.

Kuhusu miombo ya chini, mfano ulio karibu zaidi hauko Kilwa bali Katavi, mkoa ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa sehemu ya Rukwa. Huko, wilayani Tanganyika, vijiji vinane vimekuwa vikipata fedha kutokana na hewa ya ukaa inayohifadhiwa na misitu ya milima ya Ntakata, kupitia mradi unaoendeshwa na kampuni ya Carbon Tanzania. Kinachouzwa pale si mbao. Ni uthibitisho kwamba msitu haukukatwa. Lakini msingi wake ni ule ule wa Kilwa: mipaka ya kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi, walinzi wa msitu wanaolipwa, na mkaguzi wa nje anayepima iwapo maelezo yanalingana na miti iliyosimama.

Biashara ya hewa ya ukaa ina wakosoaji wake duniani, na bei zake hupanda na kushuka. Hata hivyo, Ntakata imethibitisha jambo moja ambalo halihitaji mjadala: kijiji cha magharibi mwa Tanzania, mbali na bandari na mbali na wapiga zumari, kinaweza kuingiza fedha kutokana na msitu wake pasipo kuumaliza, mradi kiwe na karatasi zake na hesabu zake.

Hivyo hesabu moja hufungua milango mitatu: wa cheti cha mbao, wa kibali cha CITES, na wa hewa ya ukaa. Kinyume chake pia ni kweli. Asiye na hesabu hana mlango, na anayebaki bila mlango huuza dirishani, usiku.

Nani afanye kazi hiyo? Sheria imekwisha kuweka wazi mgawanyo. Kijiji ndicho chenye kuamua kutenga msitu, kupitia mkutano wake mkuu. Halmashauri ya wilaya ndiyo yenye wataalamu wa ardhi na misitu wa kupima na kuandika mpango. TFS ndiyo yenye nyundo ya kugonga magogo na hati ya kusafirishia, ikisimamia vituo vya ukaguzi barabarani. Mnyororo huo tayari unafanana na ule unaotakiwa na wakaguzi wa kimataifa. Kinachopungua mara nyingi ni kwamba kila pete ya mnyororo huweka kumbukumbu zake peke yake, na namba ya kisiki porini haikutani na namba ya gogo kwenye kizuizi.

Halmashauri zina kishawishi chake. Upimaji wa mipaka na uandishi wa mipango ya matumizi ya ardhi ni gharama ya leo. Ushuru wa gogo ni pato la leo. Diwani anayehesabu miaka mitano hawezi kulaumiwa sana akichagua la pili, isipokuwa wananchi wake wamwonyeshe kwamba mninga uliokatwa mwaka huu haurudi katika kipindi chake, wala cha mwanawe. Mti huo huchukua miongo mingi kufikia kipenyo cha kuvunwa.

Msitu una mshindani mwingine asiyehitaji lori wala soko la ng'ambo, naye ni shamba. Tathmini ya rasilimali za misitu iliyochapishwa mwaka 2015 ilionyesha kwamba Tanzania ilikuwa na hekta milioni 48.1 za misitu, karibu nusu yake ikiwa katika ardhi ya vijiji, na kwamba ilikuwa ikipoteza hekta 372,816 kila mwaka. Kilimo ni miongoni mwa sababu kuu za upotevu huo. Rukwa ni ghala la chakula la taifa, na mkulima wa Nkasi anapoutazama msitu huona magunia ya mahindi yanayoweza kutoka humo. Akiambiwa aulinde bila kupata kitu, atachagua mahindi, na hakuna nembo wala doria itakayomshinda.

Kwa sababu hiyo hoja ya vyeti haipaswi kutupwa. Iwekwe tu mahali pake. Hatua ya kwanza ni kila kijiji chenye miombo kujua mpaka wake na kuutenga msitu wake kisheria. Ya pili ni kuhesabu, na kuweka kiwango cha uvunaji ambacho mkutano mkuu unakifahamu. Ya tatu ni kuuza hadharani, kwa zabuni, na kubandika mapato kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Ya nne, kwa vijiji vilivyofika hapo na kuona soko lipo, ni kuungana na kuomba cheti cha kundi.

Kijiji kitakachosimama kwenye hatua ya tatu bila kufika ya nne hakitakuwa kimepoteza kitu. Kitakuwa tayari kimepata kile ambacho cheti kilikusudiwa kukilinda, yaani msitu unaojulikana ni wa nani, una nini, na unatoa kiasi gani. Lakini kijiji kitakachodandia hatua ya nne kwa fedha za mfadhili, huku ya kwanza haijakamilika, kitabaki na karatasi ukutani siku mfadhili atakapoondoka, na lori litakalofika usiku huo halitasimama kuisoma.

Wafipa wa uwandani walijifunza kuishi bila msitu, na walilipa gharama yake kwa kizazi baada ya kizazi cha kazi ya jembe. Ndugu zao wa mteremkoni bado wanao. Nafasi ya kuuhesabu ungali umesimama haitadumu muda mrefu, na hakuna mkaguzi kutoka Bonn anayeweza kuithibitisha miti iliyokwisha kuondoka.